Jina la Aliyekupa Wimbo

Kivuko kilikuwa katikati ya ghuba, nami nilikuwa napita kati ya magari nikitafuta mtu wa kunipa lifti ng'ambo ya pili, nilipomwona mwanamke wa makamo ameketi ndani ya Volvo kuukuu, mlango wazi, anakata kucha. Alikata za mkono wa kushoto, fupi kabisa, hadi karibu na nyama. Kisha akaurudisha mkasi mfukoni. Za mkono wa kulia hakuzigusa.

"Unakwenda kwenye mashindano ya fidla," nikamwambia, maana wapiga fidla hukata kucha za mkono unaobana nyuzi tu.

"Na wewe unatoka Bergen. Nimeisikia lafudhi. Pole sana."

"Naomba lifti, mama, siombi rambirambi."

Akanitazama, akacheka. "Basi ingia. Lakini kaa nyuma, hapo mbele pana mtu."

Aliyekuwa mbele ni kasha la fidla, limefungwa mkanda vizuri kama bibi anayepelekwa hospitali.

Bergen nimekaa miaka mingi tangu nitoke Afrika, lakini bonde hili nilikuwa sijawahi kulikanyaga. Barabara ilipanda huku maporomoko ya maji yakinyunyizia kioo, na kila baada ya kona kulikuwa na jukwaa dogo la mbao la kuwekea madumu ya maziwa, mengine yameota majani. Dereva wangu aliyataja kwa majina ya wenyewe. Aliitwa Halldis Brenno, na kazi yake ilikuwa kuendesha lori la maziwa. Alikuwa ameliendesha tangu ujana, kiangazi na barafuni, na alisema ng'ombe wa bonde zima wanamjua kwa mlio wa injini. Mume alikuwa naye zamani, akaenda kufanya kazi kwenye visima vya mafuta baharini, akapata mwingine huko Stavanger. "Alisema nalala na fidla," aliniambia. "Nikamwambia angalau fidla haikoromi."

Kisha akapunguza mwendo, na sauti yake ikawa nyingine.

"Mwaka huu lazima niwe wa kwanza. Wa pili nimekuwa mara nyingi, kuwa wa pili hakunisaidii."

Kwa wapiga fidla wa nchi hii, hakuna anayeanza wimbo kabla ya kusema aliupata kwa nani. Unasimama, unataja jina la wimbo, unataja jina la mtu, ndipo unaweka upinde kwenye nyuzi. Vitabu vya noti vipo, lakini havihesabiwi kuwa mtu. Sasa wimbo bora wa Halldis, uitwao Asubuhi ya Guro, alikuwa ameupiga maisha yake yote bila jina. Alikuwa akisema tu, "Nimeupata kwetu bondeni." Waamuzi walikunja uso. Wenzake walisema ana majivuno, anataka watu wadhani ameutunga yeye.

Aliyempa ni Eilev Sandvin, jirani yao, mwongoza nyimbo katika nyumba ya sala. Katika nyumba ile fidla ilikuwa chombo cha Ibilisi. Baba mkwe wake Eilev aliwahi kuzichoma uani, na watu wakaimba zaburi moto ukiwaka. Eilev alibakiza moja, akaificha kwenye banda la kondoo chini ya sufu. Halldis alikuwa msichana mdogo aliyekuja kuchukua mayai, akasikia.

"Kila Jumatano mkewe, Borghild, alikwenda na wanawake wenzake kufuma soksi za kuwapelekea wamisionari Afrika," alisema. "Sisi tukabaki bandani tunamtumikia Shetani. Soksi za sufu, kwa Afrika. Ziliwahi kuwafikia?"

"Labda tulizichujia chai."

"Borghild angefurahi. Alipenda kitu kitumike."

Halldis alipokuwa mtu mzima Eilev aliiuza fidla. Alimwapisha Halldis asilitaje jina lake popote maadamu Borghild yu hai, na tangu siku hiyo Eilev akaziacha kucha zake za mkono wa kushoto zikue kama za mtu mwingine yeyote. Borghild alifariki majira ya baridi. Wakati wa Pasaka Halldis alimtembelea mzee katika makao ya wazee, akamkuta amepauka midomo, moyo umechoka. Eilev akamwambia, "Sasa sema."

"Mbona ni rahisi?" nikauliza. "Si utasema ukipanda jukwaani?"

"Siku ya mashindano redio haipo. Redio inakuja kwenye kutoa zawadi, na anayepiga siku hiyo ni mshindi peke yake. Mzee hawezi kuletwa, hata kwenye gari langu hawezi. Anachoweza ni kusikiliza." Akabadilisha gia. "Daktari haongelei tena vuli anapozungumza naye. Anaongelea wiki."

Jumamosi alipiga vizuri mno. Nilikaa ukumbini, ukumbi wa michezo wa shule, mistari ya mpira wa mikono ingali sakafuni, nikamsikia akisema kwa mara ya kwanza: "Asubuhi ya Guro, kutoka kwa Eilev Sandvin." Vizee wa safu za mbele waligeuka wakatazamana. Mmoja akamwambia mwenzake kwa kunong'ona kunakosikika hadi mlangoni, "Yule wa nyumba ya sala? Amechanganyikiwa huyu." Mwenzake akajibu, "Nyamaza, sikiliza mkono. Huo si mkono wa kitabu, ni mkono wa mtu."

Aliyefuata kupiga ni Sjur Lofthus, anayefanya kazi kwenye vizimba vya samaki, mwanafunzi wa Halldis tangu akiwa mfupi kuliko upinde. Wakati mwalimu wake anataja lile jina, yeye alikuwa nje kwenye baridi anakaza nyuzi.

Jumapili alasiri wote walikuja na mavazi yao ya jadi, vifungo vya fedha vikigongana kila mtu akiinama kuchukua kahawa. Nilikuwa nimeshahudhuria sherehe za zawadi za muziki katika nchi nyingi, zenye mazulia, taa na machozi yaliyofanyiwa mazoezi. Hapa palikuwa na meza moja, mabakuli ya mbao yaliyochorwa maua, kinara kimoja cha fedha, na mtu wa redio anayekula lefse, mkate mwembamba kama chapati, yenye siagi huku akiitazama saa yake.

Wa tatu akaitwa. Kisha: "Wa pili, Halldis Brenno."

Alipanda, akapokea bakuli, akasimama panapostahili kusimamwa, hatua kadhaa nyuma ya kipaza sauti. Uso wake haukubadilika. Mikono ndiyo iliyobadilika. Alilishika lile bakuli kama mtu anayezuia kifuniko cha sufuria.

Wa kwanza alikuwa Sjur. Ukumbi ulipiga miguu sakafuni, kama wafanyavyo hapa badala ya vifijo, na mtu wa redio akainua kidole, ishara kwamba tuko hewani. Sjur akakisogelea kipaza sauti, masikio mekundu.

"Asubuhi ya Guro," alisema. "Nimeupata kwa Halldis Brenno."

Hakukosea. Sheria yao inadai yule aliyekupa kwa mkono wake, basi. Naye alikuwa amempa mwalimu wake zawadi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, mbele ya nchi nzima. Akainua upinde.

Kati ya jina na mpigo wa kwanza hakuna mtu anayesema neno. Ni kimya chao kitakatifu; nimeona mtu akibanwa na kikohozi hapo hadi macho yanamtoka. Halldis akakivunja.

"Sjur. Ngoja."

Upinde ukabaki hewani.

"Wimbo haukuanzia kwangu," alisema Halldis. "Una mwenyewe."

Kutoka pale aliposimama redio isingemsikia. Sjur alimtazama mwalimu wake, akatazama kidole cha mtu wa redio, akapiga hatua moja pembeni na kumwachia kipaza sauti. Halldis akasogea na bakuli lake.

"Mimi niliupata kwa Eilev Sandvin, kwenye banda lake la kondoo," alisema. "Nilimficha kwa sababu aliniomba. Sasa ameniruhusu." Akarudi mahali pake. "Haya, piga. Na usikimbie sehemu ya pili."

Sjur akapiga.

Fidla hii ina nyuzi za juu zinazopigwa, na chini yake kuna nyingine zisizoguswa na mtu, zinazovuma zenyewe zikisikia za juu. Nilikuwa nalijua jambo hilo kwa kusoma. Siku ile nililiona. Sjur alipiga za juu, na kitu kingine kikaanza kuvuma chini yake, na sikuweza tena kusema kinatoka kwenye ule ubao au kwenye kifua cha mzee aliye mbali nyuma ya milima. Vizee wa safu ya mbele walikuwa wamevua kofia. Wimbo ulipoisha hakuna aliyepiga mguu. Tulikaa tu, watu wazima ukumbi mzima, kama tumesahau tulikuja kufanya nini, hadi mtu wa redio mwenyewe alipoanza kukanyaga sakafu, na bonde lote likamfuata.

Halldis hakungoja ngoma. Nilimkuta kwenye maegesho, simu sikioni, bakuli juu ya paa la gari.

"Alikuwa macho?" alikuwa anamwuliza muuguzi. Akasikiliza. "Hakusema kitu? Hata kidogo?" Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi, halafu akakata simu.

"Vipi?" nikauliza.

"Hakusema lolote kuhusu wimbo." Akanitazama kana kwamba mimi ndiye ningeweza kumweleza. "Ameomba akatwe kucha. Muuguzi ameshangaa, maana ameutoa mkono wa kushoto tu, wa kulia kauficha chini ya blanketi."

Alilifungua kasha kwenye kiti cha mbele, akaigusa fidla kuona kama bado imekaa sawa, akalifunga, akakaza mkanda.

"Nikuombe lifti ya kurudi?" nilisema, ingawa nilijua anakwenda kwa mzee.

"Leo hapana, Bergen. Leo nyuma pia hapana nafasi."

Nyuma hapakuwa na kitu. Aliwasha gari, akaondoka kuelekea kivukoni, na bakuli lake likiwa bado juu ya paa hadi lilipoanguka kwenye kona ya kwanza. Nilikwenda kuliokota. Ukumbini walikuwa wameanza kucheza, na nilirudi ndani nikiwa nimelikumbatia.