Tumbo Chini

Mdogo wangu alipochaguliwa kwenda kukimbia mbio kwenye kambi ya michezo kule Iringa, mama alianza kupanga sanduku la bati siku nyingi kabla ya safari. Anapanga, anapangua. Blanketi, kijiko, kikombe, sabuni, karanga za kukaanga ndani ya kitambaa. Kwa kuwa nasoma sekondari huko Iringa, na nilikuwa nyumbani likizo, mimi ndiye niliyeulizwa kila kitu: kuna baridi? Wanakula nini? Nilijibu kwa sauti yangu ile ya kila siku, ambayo mwalimu wetu anasema inafaa kuongea na sisimizi.

Jambo lenyewe hasa sikulikumbuka mpaka mchana mmoja tukiwa shambani Ilomba. Nyani waliingia kwenye mahindi, baba akafyatua gobole. Paa! Sote tukaanguka. Hiyo ni sheria ya nyumba yetu tangu tunajifunza kutembea, maana gobole la baba hujazwa vipande vya misumari, na hakuna ajuaye vitakwenda wapi. "Ukisikia paa, tumbo chini," baba husema, wala hasemi mara mbili. Nikiwa nimelala hivyo, udongo mdomoni, nikamwona mdogo wangu mbele yangu, katulia kama kiazi kwenye tuta. Ndipo nikakumbuka. Kule Iringa mbio huanzishwa kwa bastola.

Nilimwambia jioni. Alicheka. Halafu akaacha kucheka.

"Wenzangu watakimbia, mimi nimelala?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote?"

"Wote."

"Basi kaka, nipigie wewe bunduki mpaka nizoee."

Hakujua anachoniomba. Mimi hata kanisani huimba kwa kufungua mdomo tu. Uwanja wetu ulikuwa kipande cha shamba kilichokwisha kuvunwa, kando ya njia ya sokoni, na asubuhi akina mama hupita hapo na vikapu vya viazi. Nilisubiri wapite. Wakaja wengine. Mwishowe nikasema, "Paa."

Mdogo wangu akageuka. "Kaka, hiyo ni bunduki au mafua?"

Nikajaribu tena. Safari hii sauti ilitoka, ikapasuka katikati. Mama mmoja akatua kikapu chake.

"Jamani, njooni muone! Msomi wa Iringa kawa bunduki!"

"Mwacheni, mtoto wa watu anajitahidi," akajibu mwenziwe, na kicheko chao kikaenda nao mpaka njia panda. Mimi nilikaa nyuma ya kichuguu mpaka masikio yakapoa.

Kesho yake nikatafuta vipande viwili vya mbao, nikawa navigonganisha nyuma yake asione mikono. Paa! Tumbo chini. Paa! Tumbo chini. Anainuka anatema udongo, anajilaumu kwa Kisafwa, anarudi kwenye mstari. Mwili wake ulikuwa unamtii baba, si mimi.

Nilitaka kumwomba baba atupigie gobole la kweli. Nakwenda mpaka mlangoni kwake, nikifika naulizia shoka.

"Shoka tena? Si ulilichukua asubuhi?"

Nalichukua, nakwenda kupasua kuni. Kuni zikajaa mpaka mama akauliza, "Hivi anayesafiri ni nani, yeye au wewe?"

Halafu asubuhi moja, uani kwetu, niligonga mbao, na mdogo wangu akaruka mbele. Nikagonga tena, akaruka tena. Tulipiga kelele sote wawili. Mama alikuwa mlangoni na lile blanketi mkononi.

"Vizuri," alisema. "Lakini akirudi hapa, baba yenu akapiga nyani, si atainuka akimbie?"

Tangu hapo kila aliporuka vizuri nilifurahi, na furaha hiyohiyo ikanichoma.

Siku ya safari tulimsindikiza mpaka kwenye mabasi. Baba kabeba sanduku begani. Basi linaunguruma, moshi mweusi unatoka, mdogo wangu kasimama karibu na mlango ndani ya kaptura mpya, anasubiri kuitwa. Ghafla bomba la moshi likalia: paa!

Yaliyofuata niliyaona kutoka chini, kwa sababu nilikuwa kifudifudi kwenye vumbi na shati langu la shule, katikati ya abiria. Siku zote zile nilikuwa napiga mimi, sikupigiwa. Nyayo za mdogo wangu zilikuwa zinapepea mbele yangu, zinawapita wauza ndizi, zinaelekea kulekule tulikotoka.

"We! Nikamatieni abiria wangu!" utingo alipiga kelele.

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Baba hakucheka. Alinitazama pale chini, akatazama vumbi la yule anayekimbia.

"Angalau mmoja bado ana akili," alisema.

Mdogo wangu alirudi anahema, meno yote nje. "Kaka! Umeona? Sikulala!" Wala hakuuliza kwa nini nimejaa vumbi. Akapanda, basi likaondoka.

Mama alinikung'uta mgongo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Haya, bunduki," alisema. "Siku atakayoshuka hapa, uanze kumfundisha kulala."