Njuga za Mbwa wa Sogokuru

Juzi nilipita Majengo, mtaa wetu wa zamani hapa Goma, nikasimama mahali palipokuwa na nyumba yetu. Sasa pana nyumba nyingine ya mbao, iliyojengwa juu ya mawe meusi ya volkano, na mbele yake mama mmoja alikuwa anakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nilimwambia kwamba chini ya sufuria yake, kama chuma hakiyeyuki, kuna mkuki wa babu yangu. Alicheka, akanifungia sambaza, akaniongezea kiganja kimoja cha bure. Nawe rafiki yangu, kwa kuwa una nafasi, kaa nikusimulie.

Babu mzaa baba, ambaye tulimwita sogokuru kama watu wengi wa milima ya Masisi, alikuwa mwindaji wa mlimani. Kwale na sungura aliwaachia watoto. Yeye alikuwa mtu wa nyati na nguruwe mwitu, wa kulala siku kadhaa kwenye mianzi na ukungu, na kila aliporudi alikuwa na hadithi ya mnyama mkubwa zaidi aliyemponyoka. Waasi walipoingia milimani, msitu ukapata wenyewe wengine. Mwenye mkuki akikutana na mwenye bunduki huulizwa swali moja tu, wewe ni wa nani, na jibu zuri hakuna. Mbwa wake walipigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Aliwavua njuga shingoni, akateremka Goma kuishi kwetu, na mzigo ambao mama aliuita takataka za msituni.

Takataka hizo ningali nazikumbuka kwa pua. Mkuki aliupaka samli iliyochacha ili usishike kutu. Wavu wa katani ulinuka moshi. Mifuko ya koti lake kuukuu la jeshi haikukosa mahindi ya kukaanga, kwa sababu alisema mwindaji hapiki msituni, moshi utatangulia kumtangaza. Kila Jumamosi alianika vyote juani kama mtu wa kuondoka kesho, nasi tulimwibia mahindi yale, magumu kama changarawe, na sijala kitu kitamu hivyo tena.

Ila tulichopenda zaidi ni njuga. Kila mbwa alikuwa na njuga yake ya chuma, na kila njuga na sauti yake, hata kwenye ukungu babu akajua nani yuko wapi. Wakati wa kunyemelea aliziziba kwa majani. Mnyama akionekana, majani yanatolewa na mbwa wanaachiwa. Pale uani alitufunga njuga hizo shingoni sisi watoto, akatutuma tujifiche nyuma ya ukuta wa mawe, akafumba macho na kututaja mmoja mmoja. Sheria ilikuwa hii: ukijiona umepotea, usikimbie. Zibua njuga, simama, tikisa shingo. Mdogo wetu wa mwisho, msichana ambaye hata kuhesabu alikuwa hajajua, alipewa ile ndogo yenye sauti nyembamba, akaitikisa mpaka majirani wakauliza kama tumenunua mbuzi.

Mama aliteseka. Kwetu mke hamjibu baba mkwe wake, hata jina lake halitaji, basi mimi ndiye niliyepeleka maneno, ingawa wote walikaa ua mmoja.

"Ambia sogokuru batoto yangu habako imbwa," mama alisema huku anasonga bugali.

"Ambia mama yako imbwa yangu ilikuwa inasikia kuliko batoto yake," alijibu babu.

Nami nilibaki katikati kama posta isiyo na kazi, maana walikuwa wameshasikiana.

Siku volkano ilipoteremka mjini, baba alikuwa amesafiri mji wa Kiwanja kununua maharagwe. Ardhi ilitetemeka tangu asubuhi, na baada ya saa sita watu wa upande wa juu walianza kupita na magodoro kichwani. Babu hakupaparika. Kwa mara ya kwanza tangu aje Goma nilimwona yuko kazini. Alitujaza mahindi mifukoni, akatufunga njuga sote wanne. Mkuki aliutazama, kisha akauegemeza ukutani, kwa sababu alihitaji mikono yake. Alipotoka kuangalia njia, mama alichana kitenge cha zamani na kuziba kila njuga kwa kitambaa. Barabara ilikuwa imejaa watu wa kanisani kwetu, na hakutaka wanawe wapite mbele yao wakilia kama mbwa wa windo. Simlaumu. Mtu anaweza kuiacha nyumba yake yote na bado akabeba aibu.

Tulishika njia ya Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, babu mbele, sisi katikati, mama nyuma akiwa amemshika mdogo wetu. Karibu na mpaka watu walibanana, kisha gari lililojaa mizigo likaja likipiga honi na kulipasua kundi. Kila mtu aliruka upande wake. Mama alipotazama mkono wake, mtoto hakuwepo.

Babu alipanda juu ya jiwe, akaanza kupiga ule mwito mrefu wa kuwaita mbwa. Aliita tena na tena, mishipa ikamsimama shingoni, na kila mtu kando yetu naye alikuwa akiita wa kwake. Ndipo mama, ambaye tangu aolewe hakuwahi kumwelekezea mzee yule neno, alimshika mguu.

"Papa, nyamaza. Unanizuia kusikia."

Babu akanyamaza. Mama akafumba macho. Jioni zote zile alizolalamikia kelele zetu, kumbe masikio yake yalikuwa yanajifunza.

"Ni ile kadogo," alisema. "Iko kule kwa ukuta."

Akajipenyeza kwa viwiko. Tulimkuta mdogo wetu amesimama wima, kitambaa cha kitenge mkononi, anatikisa shingo kwa bidii kama mtu aliyeagizwa kazi. Alikuwa ameizibua mwenyewe. Mama alimkumbatia, kisha akapiga magoti palepale barabarani akatuzibua na sisi wengine. Tuliingia Gisenyi tukilia kama kundi linalofukuza nguruwe, na watu ambao hawakuwa wamecheka tangu asubuhi walicheka.

Baba alitupata huko baada ya siku chache. Nyumba, wavu na mkuki viliishia chini ya mawe. Babu hakuuona msitu tena mpaka kufa kwake, na siku hizi sijui kama kuna mtu Masisi anayejua kuziba njuga kwa majani. Pengine nyati wanafurahi. Mimi naikosa harufu ya ile samli, na ninaamini milima ile itatulia siku moja, hata kama siwezi kukuambia lini.

Ila jioni ile ya kwanza, katika ua wa kanisa tulikolala, kazi yangu ya posta iliisha. Mama alimpelekea babu chakula mwenyewe, akakaa karibu naye. Sote tulijua hadithi zake, ambamo hakuna mbwa aliyewahi kupotea.

"Papa," mama alimuuliza, "kule msituni, imbwa zako ulikuwa unarudia nazo zote?"

Babu alitafuna polepole, akatutazama sisi wanne.

"Apana, mwana yangu. Hata siku moja. Ni leo njo nimerudisha bote."