Uso wa Nyangoma

Juzi chumvi iliniishia, na hiyo ndiyo sababu pekee inayonitoa nyumbani. Nilimkuta mwenye duka akigonga muhuri kwenye magunia ya kahawa. Nilipoona herufi kwenye uso wa muhuri zimegeuka kinyume, nilimkumbuka bibi yangu.

Nilikuwa mdogo, kule Bweranyange, alipokuja mwanamke wa Ayalandi aliyechora picha za vitabu. Mchana kutwa alichonga uso wa bibi kwenye kibao, patasi yake ndogo ikikwaruza kama panya. Mimi nililia, nikiamini kila kipande kinachodondoka ni nyama ya bibi.

"Nyamaza, mwoga wee! Bado nipo mzima," bibi alinitania.

Kisha kibao kilipakwa wino ulionuka mafuta, kikagandamizwa kwenye karatasi. Bibi alikuwa na baka kwenye shavu la kushoto. Kwenye karatasi lilikuwa la kulia. Bibi aliacha kucheka.

"Nyangoma," alinong'ona. Huyo alikuwa pacha wake mwenye baka kwenye shavu la kulia, aliyekufa wakiwa wasichana. "Dada, mbona umezeeka?"

Leo najua kibao hugeuza picha. Siku ile bibi aliitengea karatasi ndizi, akaniambia nimwamkie mgeni aliye karatasini.

Nikasema shikamoo. Bibi alikuwa anatafuna, mdomo umejaa, lakini marahaba niliisikia.