Sanduku Namba Tisa Lilivyopigwa Msasa

Saa moja kasorobo asubuhi, Arlo Tveit amesimama bwawani nyuma ya karakana yake, Wisconsin, ndani ya suruali ya mpira, maji yakimfika kiunoni. Hajitikisi. Mbele yake, juu ya nguzo, kuna sanduku la mwerezi lenye namba tisa. Chini yake bata jike anazunguka akiita, ananyamaza, anaita tena.

Hakuna kifaranga anayechungulia.

“Dakika arobaini sasa,” Arlo anamnong’oneza mkewe, Marva, aliye ukingoni. “Si kawaida hii.”

Arlo, mwenye umri wa miaka 61, ni fundi wa makabati ya jikoni. Kila majira ya baridi huwatengenezea viota bata wa mitini, ambao hutaga kwenye matundu ya miti mizee. Miti hiyo hapa imekwisha. Mwaka jana masanduku yake manane yalitoa vifaranga 63.

Kifaranga wa siku moja hupanda ukuta wa ndani kwa kucha zake, akafika tunduni, akajirusha majini kwa mama yake. Mama hangoji sana. Atakayebaki ndani atakufa njaa.

Jana Arlo alitega sikio kwenye namba tisa, akawasikia, akachungulia ndani. Mayai kumi na moja, yote yameanguliwa.

“Hilo si ndilo jipya?” Marva anauliza. “Ulilipiga msasa?”

“Nje.”

“Na ndani?”

“Kidogo tu.”

“Arlo! Kidogo chako nakijua mimi. Meza yetu nzi akitua anateleza!”

Arlo hacheki. Oktoba iliyopita mashine ya msumeno ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa miezi minne hakushika randa. Namba tisa ndiyo kazi yake ya kwanza baada ya hapo.

“Nilitaka kujua kama mkono huu bado ni wangu,” anasema. “Nikapiga msasa mpaka ndani. Mikwaruzo ya kupandia nikaisahau. Mjinga mimi, jamani.”

Akisogea, huenda mama akaruka asirudi. Akingoja, hawatoki. Marva keshachana kipande cha gunia la mahindi. “Nenda, mzee wangu. Nenda sasa hivi!”

Arlo anakichukua pamoja na nyundo na misumari, anakwenda. Bata anaruka kwa kelele, anapotelea nyuma ya matete. Arlo anafungua ubavu wa sanduku, anapigilia gunia kuanzia chini hadi tunduni kwa vile vidole vitatu vilivyobaki, ili kucha zipate pa kushika. Msumari mmoja unamponyoka majini. Anafunga, anarudi ukingoni.

Robo saa inapita. Marva amemshika mkono ule mbovu na hauachii.

Kisha matete yanatikisika. Mama anaita.

“Mmoja,” Marva anahesabu. “Wawili. Watano hao!” Kumi wanaanguka majini mfululizo. Mama anageuka kuondoka nao.

“Bado mmoja,” Arlo anasema. “Toka basi, mtoto. Toka!”

Kichwa kidogo kinatokea tunduni, kinasita. Kifaranga anajirusha, anawakimbilia wenzake juu ya maji. Arlo anajifuta uso kwa mkono wa shati.

Majira ya baridi yajayo anataka kuongeza masanduku sita, lakini hangoji hadi hapo. Mchana huohuo, karakanani, anachukua ubao wa kwanza, laini kama anavyopenda, anaugeuza upande wa ndani. Anaukwaruza kwa msumari, mstari baada ya mstari, huku amekunja uso.

“Inauma kuuharibu,” anasema, na anaendelea kukwaruza.