Mama Yupo Golini

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la vitenge Kariakoo, redioni kuna kipindi cha vichekesho vya michezo. Mtangazaji anasimulia Idi ya kwao kama mechi: "Golini yupo mama, analinda sufuria ya pilau. Wajomba wameotea, wamefika nyama haijaiva." Duka zima tukacheka.

Simu ya mwenye duka ikaita. Akapunguza redio. "Shikamoo mama. Idi hii siji, kazi zimebana. Nitakupigia, nina wateja." Akakata, akaongeza sauti haraka.

Akacheka hadi akafuta machozi. "Huyu mama natamani nile pilau lake."

"Na la mama yako likoje?" nikamuuliza.

Akanyoosha mkono, akazima redio.

Mama wa redioni ana uzuri wake: hakuulizi utakuja lini.