Idman na Jina la Nne

Idman Bare Warsame alifika ukumbini Garissa Jumamosi asubuhi, macho mekundu kwa siku nyingi za kukosa usingizi. Ulikuwa mkutano wa mafundi wa hifadhidata, ulioandaliwa na vijana wa kujitolea. Jumapili kuingia ni bure, Jumamosi, siku ya mafunzo, ni kwa kulipia. Idman alilipa bila kusitasita kwa sababu ya somo moja kwenye ratiba: kurudisha kilichofutwa.

Alikuwa amefuta watu. Yeye ndiye mtunza orodha ya chakula ya shirika moja dogo pale kambi ya wakimbizi ya Ifo, na mkubwa wake alitaka majina yaliyojirudia yaondolewe. Idman akaiagiza kompyuta: majina matatu yakilingana na tarehe ya kuzaliwa ikilingana, huyo ni mtu mmoja. Msomi wetu huyo, binti wa Kisomali aliyekaririshwa mababu zake kabla hajajua kuhesabu vidole, akasahau kwamba wenye majina matatu sawa ni wengi, na kinachowatenganisha ni jina la nne. Akasahau pia kwamba kila asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa tarehe mosi Januari. Hata kitambulisho chake yeye kinasema hivyo. Alibofya mara moja, wakatoweka mia mbili na kumi na watatu.

Siku ya mgao, wa kwanza kuja kwenye dirisha la kugawia chakula alikuwa bibi Lul Noordin Abdi, anayelea wajukuu watatu. Lul mwingine, mwenye majina yale yale matatu, alikuwa ameshachukua mgao. "Ayeeyo, bibi yangu, umeshachukua," Idman akamwambia. "Mashine haidanganyi." Bibi akamtajia jina la nne. Idman akamjibu kwamba mashine haina nafasi ya jina hilo. Kufikia jioni wengine kumi na wawili walikuwa wamelia dirishani, ndipo akaelewa alichofanya. Mgao uliofuata ulikuwa Jumatatu hii, baada ya mkutano.

Sasa, mlangoni, Hamse, kijana aliyekuwa akihakiki majina, alitazama simu yake na kutikisa kichwa.

"Abaayo, dada yangu, Idman Bare Warsame ashaingia."

"Idman ni mimi."

"System inasema ushaingia. Haidanganyi."

Idman akamsihi amwite huyo aliyeingia. Akatoka Idman mwingine, mwalimu wa Elwak, kadi shingoni.

"Warsame nani?" Idman akamuuliza.

"Warsame Gedi."

"Wangu ni Warsame Jimale."

Hamse akacheka kwa aibu, akamwandikia kadi kwa kalamu. Ilichukua dakika mbili. Idman aliona haya kuliko kijana yule, kwa sababu yeye hakumpa bibi Lul hata dakika hizo mbili.

Mkufunzi, Saynab wa Wajir, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bakapu, nakala ya akiba?"

"Sikuweka."

"Karatasi za uandikishaji?"

"Zilisombwa na mafuriko."

"Na tangu ufute, mashine imekuwa ikitumika?"

"Kila siku. Wiki tatu."

Saynab alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Basi data mpya imeandikwa juu ya majina yao, ikayafuta kabisa, dada. Hapo hakuna fundi atakayewatoa. Waulize wenyewe."

Idman alitoka nje, akasimama kwenye jua. Alikuwa na namba moja tu, ya jirani ya bibi Lul. Akapiga, akangoja simu ipelekwe hema hadi hema.

"Ayeeyo, ni Idman wa dirishani. Nitajie tena. Lul Noordin Abdi nani?"

"Nilikwambia siku ile," bibi akasema.

"Ulinambia. Sikukusikiliza."

Bibi akaanza, polepole, kama anayemtajia mtoto. Abdi Roble. Roble Elmi. Akaendelea mpaka babu wa kumi na moja, na Idman akaandika wote nyuma ya kadi ya mkutano, machozi yakimtoka. Walibaki mia mbili na kumi na wawili, hajui hata mahema yao, na orodha ya Jumatatu ilikuwa imefungwa tangu Ijumaa.

"Umeandika?"

"Nimeandika, ayeeyo."

"Kwa hiyo Jumatatu nije na gunia?"

Idman aliitazama ile kadi.

"Njoo," akasema, na hakujua atampa nini.