Sauti ya Gatera kati ya mablanketi

Mwaka 1991 Zamida alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Muhima, na hakuweza kumwona mtu amejikaza bila kumchokoza. Siku moja jirani yake Gatera, mwalimu wa ufugaji nyuki, alimjia amenuna. Alikuwa ametengeneza picha za slaidi za kuwaonyesha wakulima, na maelezo yake kwenye kaseti, lakini sauti ilivuma kama ya mtu aliyetumbukia pipani.

"Chumba chako ni kitupu, kuta zinakurudishia maneno," Zamida alimwambia. "Njoo usomee stoo kwangu, kati ya mablanketi."

Mwangwi ukaisha kweli, ila Gatera alisoma kama hakimu anayetoa hukumu. Baada ya picha mbili Zamida akamnyang'anya karatasi.

"Hebu nieleze mimi tu, Bwana Gatera. Huyu malkia ana waume wangapi?"

"Wengi, na wote hufa siku ya harusi."

"Sasa mbona bado wanamposa?"

Gatera akacheka, akaeleza, akabishana naye mpaka picha ya mwisho. Ndipo alipoona kwamba redio kaseti ilikuwa ikirekodi muda wote.

Alikasirika, lakini onyesho lilikuwa kesho yake asubuhi, ikabidi aipeleke kaseti hiyohiyo. Wakulima walicheka, kisha wakaomba kaseti irudiwe tangu mwanzo. Mkuu wake wa kazi akamwita Gatera pembeni.

"Huyo mwanamke ni nani?"

"Fundi cherehani, mkuu."

"Kwenye kaseti ijayo, ya mbolea, naye awemo."

Zamida alikubali, kwa sharti kwamba safari hii yeye aeleze na Gatera aulize maswali.